Mwalimu Josepha na Mwanamke wa Darajani

Mwalimu Josepha Kasimiri anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Kafundisha uchoraji hapa shuleni miaka thelathini na moja. Walimu wenzake wangeandika vizuri zaidi. Yeye kataka niandike mimi, mfagiaji wa darasa lake. Basi.

Kwao ni Ipole, kwa wafuga nyuki. Alipofika hapa rangi hazikuwepo. Akaanzisha somo kwa udongo mwekundu, majivu na mkaa. Leo ukipita mtaa wa Isevya, mabango mengi ya maduka kayachora mwanafunzi wake.

Hakuwa mpole. Ukichelewa, unaosha brashi za darasa zima.

Picha yake kubwa ni ya Japani ya zamani. Aliiona kwenye kalenda aliyoacha Mjapani mmoja wa kujitolea: daraja la mbao, theluji, mwanamke na mwavuli, uso umefichwa. Mwalimu akataka kuichora upya kwa rangi za maji, na uso uonekane. Akamwomba mke wangu Asnath, mpishi wa shule, asimame achorwe.

Asnath akajizungushia vitenge viwili, akasimama uani na mwavuli. Jua la Oktoba hilo. Wenzake jikoni wakapiga kelele, "We Mjapani, maharage yanaungua!" Akawajibu, "Ipueni nyie, mie niko kwenye theluji!" Mwalimu alicheka mpaka akamwaga maji ya brashi.

Theluji hakuipaka rangi. Aliacha karatasi nyeupe. Uso akauacha auchore mwisho.

Januari Asnath akafariki. Picha yake ninayo moja, ya kitambulisho, imefutika. Mwalimu akasema anaukumbuka ule uso, atauchora. Kisha presha ya macho ikamwanza. Alijaribu kwanza kwenye karatasi za pembeni, miaka miwili. Kila akimaliza, ametoka mtu mwingine. Anachana.

Wiki iliyopita kaniita. "Baba Recheli, macho yamekataa. Niushushe mwavuli umfunike, kama kwenye kalenda?"

Nikamwambia, "Acha hivyo hivyo, Mwalimu."

Picha tumeitundika bwaloni. Wageni wanasema haijaisha. Ni kweli, haijaisha.

Mwalimu, asante. Ulihangaika na Asnath kuliko ndugu. Nenda Ipole salama, wakupokee kwa asali, na Mungu akuachie huo mwanga uliobaki.