Jina la Swaleh

Bwana asifiwe, kanisa! Naitwa Mwakio, fundi wa friji na mashine za baridi. Leo nasimama kueleza jinsi Mungu alivyonitoa katika hofu.

Ndugu zangu, nilipoachishwa kazi bandarini sikujua ufundi huu hata kidogo. Aliyenifundisha ni Swaleh, Mwislamu wa Mji wa Kale, mtu wa maneno machache. Vifaa vilikuwa vyake. Wateja wenye mikahawa kule Makadara walikuwa wake. Mimi nilijua kuzungumza na watu na kujaza fomu, basi. Tulipokubaliana kuandikisha biashara yetu, akaniachia mimi niende saiba, duka la intaneti, nijaze fomu.

Binti wa pale akaniuliza, "Wenye biashara ni wangapi?"

Nikajibu, "Mmoja."

Mmoja! Wala sikuwa nimepanga. Niliogopa tu. Nilikuwa nimeonja kufukuzwa, nikataka kitu ambacho hakuna mtu angeweza kunitoa ndani yake. Cheti kikatoka kwa jina langu peke yangu. Swaleh nikamwambia mambo ni sawa, naye hakuomba hata kukiona.

Miezi ikapita. Tukafunga mashine ya baridi katika nyumba moja ya Kizingo. Bomba la kutoa maji niliunga mimi, tena vibaya. Maji yakavujia darini, na siku chache baadaye dari ya sebule ikaporomoka! Mungu ni mwema, hapakuwa na mtu chini yake. Mama mwenye nyumba akatuita, akasema anakwenda mahakamani.

"Mwenye biashara ni nani?"

Swaleh akasogea mbele. "Ni sisi sote wawili, mama. Ukimshtaki yeye, nishtaki nami."

Ndugu zangu, kwa sheria kesi ile ilikuwa yangu! Angeweza kwenda zake. Lakini hakujua, maana nilimficha.

Tulipotoka langoni nikamwambia, "Swaleh, jina lako halimo kwenye cheti."

Akaendelea kutembea mpaka barabara kubwa. Kisha akasema, "Ungenambia kuwa waogopa, ningekuelewa."

Hakunitukana. Hilo ndilo lililonivunja. Nilifika nyumbani adhuhuri, nikapiga magoti, nikalia kama mtoto.

Kesho yake nilirudi kwa yule mama nikamwambia ukweli wote. Swaleh akaja nami. Dari tuliitengeneza kwa mikono yetu, na mama akaiacha kesi.

Ndipo tukaenda kwa wakili. Akatueleza kwa upole: biashara ya mtu mmoja ikishtakiwa, umeshtakiwa wewe, hata kitanda chako chaweza kuchukuliwa. Mkiwa washirika wa kawaida, kila mmoja hubeba kosa la mwenzake. Lakini kampuni husimama yenyewe, na deni lake ni lake.

Swaleh akauliza swali moja tu. "Na humo tutaandikwa wawili?"

"Wawili."

"Basi hiyo."

Hisa ni nusu kwa nusu, na jina lake nililitanguliza.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, leo nalala bila hofu. Wewe uliyeketi hapo, kama kuna jambo unamficha mwenzako, mwendee leo hii. Mtumaini Bwana, ukaseme kweli. Hatakuacha uende peke yako. Amina!