Kilango cha Waya na Kulabu ya Tatu

Mgeni rasmi, mkuu wetu wa michezo, viongozi mlioketi meza ya mbele, wazazi, na wanachama wenzetu ambao leo mmekubali kuvaa viatu vyenye visigino:

KARIBU JABALINI

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumekungoja tangu saa tatu asubuhi na hatulalamiki, maana watu wa kukwea wamezoea kuning'inia. Ukumbi huu ulikuwa ghala la mashine za kuchonga mawe. Ukuta wa mwamba unaouona dirishani ni jabali letu, mita ishirini na mbili toka chini hadi ukingoni. Ukisikia kitu kinagonga huko nje wakati tunasoma, usisumbuke kugeuka. Ni upepo unaochezea bolti. Mara nyingi ni upepo.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kina miaka tisa na wanachama thelathini na mmoja. Hakuna bingwa kati yetu. Tuna mchomeleaji, wauguzi wawili, mwalimu wa hesabu, muuza viatu, na wengineo wa mikono migumu. Tulianza na kamba moja na woga mwingi.

Aliyetufundisha kukwea alikuwa mwashi, tukimwita Kenge kwa jinsi alivyong'ang'ania ukutani. Dada yake ni mshonaji wa mahema na mabegi. Huyo tunamwita Sindano, kwa sababu ni mwembamba na akikuambia neno linaingia. Mume wa Sindano ni fundi kreni. Kwa miaka saba Kenge alikwea, na shemeji yake huyo alimshikia kamba. Kenge alikuwa akisema, "Mtu anayeinua tani tano kila siku bila kuangusha tofali, mimi kilo sitini na nane nitamshinda?"

Mheshimiwa, kwa faida ya wasiojua: mkweaji hubeba jozi za kulabu, kila jozi imeunganishwa kwa mkanda mfupi. Kulabu ya juu huingia kwenye bolti iliyopigiliwa mwambani, ya chini hupokea kamba. Kila kulabu ina kilango kinachofunguka kwa kidole na kujifunga chenyewe. Vilango ni vya aina mbili. Kuna cha kipande kizima cha chuma, kizito, kinachong'aa. Na kuna cha waya uliokunjwa, chepesi, ambacho ukikiona dukani unadhani ni cha kuanikia soksi.

Siku ya msiba Kenge alikuwa na jozi mpya za vilango vizito. Ilikuwa saa kumi kasorobo, jua bado kali. Alishapitisha kamba kwenye kulabu ya tatu na alikuwa amevuta kamba ndefu kuifikia ya nne. Mguu ukateleza.

"Kaza!" alipiga kelele.

Shemeji alikaza. Tulimwona akikaza. Kamba ikavuta, kulabu ya tatu ikapiga mwamba, tukasikia *tik*, sauti ndogo kama ulimi unaosikitika. Ya pili ilikuwa chini mno kumwokoa; Kenge akafika chini.

Ofisi yako, Mheshimiwa, ilituma mkaguzi. Alikaa hapa muda wa kunywa chai, akaandika mstari mmoja: *Mshika kamba aliachia.* Kuhusu kulabu iliyonyooka ikabaki wazi kama ndoano, alisema ilinyooka ilipogonga ardhi. Haikugonga ardhi, Mheshimiwa. Ilikuwa bado inaning'inia kule juu, na sisi ndio tuliokwenda kuiteremsha.

YALIYOMPATA SINDANO

Mstari ule ulifanya kazi kuliko nyundo. Kazini walimwondoa mumewe kwenye kreni wakampa ufagio wa ua. Mama mzazi wa Sindano na Kenge alimwambia binti yake mbele ya waombolezaji, "Wewe ni mwanangu, njoo wakati wowote. Huyo aliyemwachia mwanangu asikanyage kizingiti changu."

Mume hakujitetea. Alikuwa akirudi nyumbani, anakula, anakaa, anaitazama mikono yake. Sindano alimwuliza mara moja tu, wakiwa mezani.

"Uliachia?"

"Nilikaza," alijibu. Kisha akasogeza sahani kando, "Nadhani nilikaza. Wamesema mara nyingi mpaka sijui tena."

Hilo ndilo lililomuuma Sindano kuliko yote: mtu kutoiamini mikono yake mwenyewe.

Jozi ile ya tatu aliitundika kwenye msumari katika chumba chake cha kushonea, ile ya chini imenyooka, ya juu bado nzima, mgongo wake ukigusa ukuta. Hakujua anaitunzia nini. Wiki ya kwanza alisikia *tik*. Akasimamisha cherehani, kimya. Akakanyaga tena, *tik, tik, tik*. Aliposogea karibu akaona: kila cherehani ilipotikisa ukuta, kilango kizito kilibaki nyuma kidogo, kikafunguka upenyo wa ukucha, kikajifunga. Aliitoa, akapiga mgongo wa kulabu kiganjani karibu na sikio. *Tik.* Akaazima yenye kilango cha waya kwa mchomeleaji wetu, akaipiga vivyo hivyo. Haikusema kitu. Waya hauna uzito wa kubaki nyuma.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kulabu iliyopigwa mwambani hufunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kulabu iliyo wazi hubeba theluthi tu ya uwezo wake. Uzito ukifika sekunde hiyohiyo, basi.

Tungependa kuishia hapo, lakini tuliapa kusema yote. Kesho yake Sindano alikuwa amekaa na mkasi, cherehani imefunikwa, madirisha yamefungwa. Saa kumi kasorobo jozi ile ikasema *tik* mara moja. Siku iliyofuata, saa ileile, mara moja. Alimwita mwalimu wetu wa hesabu, mtu asiyeamini hata utabiri wa mvua. Alikuja na saa yake, akakaa siku tatu mfululizo. Siku ya tatu aliinuka akasema, "Dada, mimi ninachojua ni kwamba jaribio linatakiwa kufanyika jabalini, si hapa," na tangu hapo hajaingia tena chumba kile.

JARIBIO

Sindano alishona mfuko wa turubai, akaujaza mchanga kilo sitini na nane. Tulipouona tukauzunguka. Muuza viatu ndiye aliyeuliza.

"Mbona umeuwekea mabega?"

"Bila mabega mkanda wa kukwea, ule wa kuvaa mwilini, usingekaa," akajibu, na ni kweli usingekaa.

Tulikuwa watu saba. Mchomeleaji alipanda ngazi ya kamba hadi karibu na bolti ya nne ili auachie mfuko. Sindano akamgeukia mumewe, akamnyooshea kamba.

"Mimi?" alisema. "Mtu mwingine yeyote, mke wangu."

"Mtu mwingine hakuwepo siku ile."

Akashika. Tuliweka kulabu ya tatu kutoka boksi lilelile la Kenge la vilango vizito. Mara kumi mfuko ulianguka, mara kumi kamba ikaushika. Kwa mumewe, kila mara mfuko ulipokamatwa ilikuwa kama shahidi mpya dhidi yake. Mara ya kumi na moja tukasikia *tik*. Kulabu ikanyooka ikabaki wazi kama ndoano, na mfuko ukalala pale pale alipoangukia Kenge, mabega yakielekea ukutani. Kamba ilikuwa imekazwa mikononi mwa yule bwana hata ngozi ya glavu imechubuka. Sote tuliona.

Tukabadilisha, tukaweka kilango cha waya. Tuliangusha mara thelathini. Mara thelathini ilishika.

Mara ile ya mwisho, mfuko ukiwa bado hewani, sauti ilisema kutoka juu, wazi kabisa, "Kaza!"

Na fundi kreni akajibu bila kufikiri, "Nimekaza, shemeji."

Mfuko ukaning'inia, ukizunguka polepole. Mchomeleaji aliteremka. Kabla hatujamwuliza, alituuliza yeye.

"Nani amesema kaza?"

Mheshimiwa, hatukuja kukuletea habari za mizimu. Tunaandika tulichosikia, watu saba, mchana. Kilichofuata ni kwamba yule bwana aliketi chini akalia mpaka akachoka, na alipoinuka alikuwa anaitazama mikono yake kama mtu aliyerudishiwa kitu. Jozi ile ya msumarini haijasema tena.

YANAYOTUSUMBUA

Tangu siku hiyo tumejifunza kuchagua, na tunasema bila kujigamba. Tunachukua kilango cha waya. Tunaangalia pua ya kulabu, ile ncha ambapo kilango hujifungia, maana baadhi zina kijino kinachong'ang'ania bolti wakati wa kuteremka, hivyo tunapenda zile ambazo kijino chake kimezibwa pembeni. Kilango kisiwe kigumu cha kuumiza kidole wala kilegevu. Ya bolti hatuigeuzi kuwa ya kamba, kwa sababu bolti huacha meno ndani yake na meno hukata kamba. Sindano amezishonea uzi mwekundu tusikosee. Na hata waya si kinga ya kila kitu. Jabali halina rafiki.

Tatizo letu sasa liko juu ya meza yako, Mheshimiwa, limefungwa utepe. Mkono mtupu haulambwi, na wako haukuja mtupu. Jozi arobaini za kulabu ulizotuletea si mchezo. Lakini msichana wetu wa mapokezi alipolibeba boksi kutoka kwenye gari, wenzetu wa mstari wa mbele walisikia linavyosema *tik, tik* njia nzima. Ni vilango vizito.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba jozi hizi zirudi dukani zibadilishwe kwa za waya. Tafadhali usizifungue kwa ajili ya picha.

Pili, tunaomba mstari ule ufutwe. Tumeambatanisha kulabu mbili zilizonyooka, ya Kenge na ya mfuko. Ziweke moja juu ya nyingine. Tulishindwa kuona tofauti. Tunaomba pafutwe *aliachia* paandikwe *alikaza*. Ni neno moja. Kwenye kreni watamrudisha kwa neno hilo.

La tatu si ombi. Mama mzazi wa Kenge yuko hapa, mstari wa pili. Sindano alimweleza yote na kulabu amezishika kwa mikono yake. Alisema, "Serikali ndiyo iliyoniambia ameachia. Iniambie serikali kwamba hakuachia." Tangu asubuhi ameweka mkoba wake kwenye kiti cha kando, kila anayetaka kukaa anamwambia kina mtu. Mkwe wake yuko nje ya mlango huu, amevua kofia. Hataingia mpaka akusikie.

Ukisimama, Mheshimiwa, ongea kwa sauti.

Mungu akulinde katika kila unapopanda na kila unaposhuka, na akujalie wa kukushikia.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakwea Jabali, KUCHA KUMI