Pikapu ya Kulivuta Trela la Leota

Benchi la mji wa Ostrander, kule Kansas, ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya madebe mawili ya oili, ubavuni mwa mizani ya ghala la ngano. Asubuhi, ngano ikiwa bado ina umande na mashine za kuvunia zimelala, wazee hujazana hapo kunywa kahawa ya bure ya ghala, kahawa nyepesi kiasi kwamba unakiona kitako cha kikombe. Kujazana nako ni kusema tu, siku hizi wamebaki watatu. Galen Unruh wanamwita Kutu, maana hakuna gari wilayani ambalo hajalala chini yake kutafuta kutu. Duane Pfeifer wanamwita Mlima, kwa kuwa miaka thelathini na moja iliyopita alivusha trela milima ya Colorado, mara moja tu, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Wa tatu ni Orval Dirks, mchimba visima mstaafu. Huyo wanamwita Mwakani, na yeye mwenyewe anajua kwa nini.

Mkewe Leota ana pacha wake, Leona, anayeishi ufukweni Oregon. Hawajaonana miaka tisa, na Leota hapandi ndege, masikio yake hayataki. Ndiyo sababu Orval alinunua trela la kuishi, lenye kitanda na jiko, na alilinunua kabla hajawa na gari la kulivuta. Masika ya kwanza akasema wataondoka, halafu akasema mwakani. Ya pili, mwakani. Ya tatu, hivyo hivyo. Sasa mapacha wanatimiza miaka sabini tarehe tisa Julai, na safari hii Leota hakuuliza kitu. Orval ameishi naye miaka arobaini na minne. Kimya kile kilimkosesha raha kuliko ugomvi wowote.

Basi Jumanne hiyo ya Juni alifika kijiweni na jambo la kuamua. Katika yadi ya magari ya mji wa jirani kulikuwa na pikapu nyekundu ya petroli, na muuzaji alimwahidi kumwekea hadi saa sita mchana, si zaidi.

— Maili elfu sitini tu, akasema Orval. Viti vya ngozi. Na jamaa anasema inavuta ratili elfu saba na mia tano.

— Muuzaji atakwambia inavuta kanisa, akasema Kutu. Umelala chini yake?

— Nimeitazama vizuri.

— Sikuuliza kama umeitazama.

Kutu akaanza somo lake. Gari la kununua, alisema, lisiwe limekaa kwenye majimbo wanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Na muuzaji akikana, unalamba chesisi. Yeye amelamba chesisi nyingi na chumvi ya Minnesota anaitambua kwa ulimi, ina ukali fulani. Mlima akamuuliza kama mke wake anajua habari hizo, na Kutu akasema mke wake ndiye aliyemkataza kumbusu wakati wa minada ya magari.

Hapo kipaza sauti cha kibanda cha mizani kikakohoa. Alikuwa Norma, mpimaji.

— Wazee, toeni miguu kwenye mizani. Mnaniharibia namba.

Wakairudisha miguu nyuma. Hilo lilikuwa jambo la kila siku. Benchi lilikuwa karibu sana na bamba la chuma la mizani, na mtu akinyoosha miguu tu anapimwa.

Mlima akashika zamu. Kwake yeye petroli ni ya kwendea dukani, mzigo unataka dizeli. Petroli imechimbwa tambarare, imesafishwa tambarare, sasa ikifika mlimani inashangaa. Aliiona kwa macho yake mwaka ule Colorado, magari ya petroli yamechemsha yamepangana kando ya barabara, boneti wazi, na yeye anapita zake anawapungia mkono. Kutu akamkumbusha kwamba mwaka jana katika hadithi hiyo hiyo aliyechemsha ni yeye. Mlima akasema hiyo ilikuwa siku ya kurudi.

— Tena dizeli mnayo hapa, akaongeza Mlima, akigonga kwa kisigino pikapu aliyokuwa ameikalia.

Ilikuwa pikapu nyeupe ya ghala lenyewe, iliyozeeka ikivuta matangi ya mbolea mashambani. Ilikuwa na karatasi ya «INAUZWA» kwenye kioo tangu Machi, na mlango wake wa nyuma ulikuwa umeshushwa kwa sababu ndio Mlima alioufanya kiti chake. Ubavu wa kulia ulikuwa umebonyea. Orval hakutaka hata kugeuka. Mkweche ule unanuka mbolea, alisema. Leota atashuka vipi mbele ya nyumba ya Leona kwenye kitu kama kile? Ukweli ni kwamba aliyejiona akishuka alikuwa ni yeye, kutoka kwenye ile nyekundu, amevaa kofia mpya.

Nadharia zikaendelea kukua. Kutu akasema kabla ya injini utazame kiti cha dereva. Kikiwa kimebonyea sana, mwenye gari alikuwa mnene, na gari la mtu mnene limeshazoea mzigo. Mlima naye akasema yote hayo hayana haja ukisafiri kuelekea magharibi, kwa sababu dunia inazunguka kuja upande wako. Ukitoka mapema, Oregon inakusogelea yenyewe, hata kama gari ni bovu.

— Na kurudi je? akauliza Kutu.

— Kurudi ndiko kulikonichemsha.

Orval akatazama saa. Saa tatu na nusu. Amekaa na watu hawa tangu Februari akichagua pikapu, na alichopata ni kujua ladha ya chumvi ya Minnesota.

Ndipo lori la ngano likaingia, likapimwa, na dereva akashuka kusubiri risiti yake. Alikuwa Marisela Ontiveros, mama wa kama miaka hamsini, mkuu wa kundi la wavunaji wa kukodiwa. Watu hao hutoka Texas na mashine zao wakaifuata ngano inavyoiva hadi mpaka wa Kanada, na njia nzima wanalala kwenye matrela yao. Akasalimia, akajimiminia kahawa, akaionja, akawatazama kwa huruma. Wakamweleza shauri lote, wote watatu kwa pamoja, pamoja na habari za kulamba na asili ya jina la Mwakani. Akasikiliza hadi mwisho.

— Sawa wazee wangu. Hilo trela lina uzito gani?

Kutu akamtazama Mlima. Mlima akatazama ndani ya kikombe.

— Kitabu chake kinasema ratili elfu sita na mia nne, akasema Orval.

— Hiyo ni siku lilipotoka kiwandani, mzee. Leo lina uzito gani?

Hakuna aliyejua. Kwa miezi minne walikuwa wamebishana kila asubuhi, na miguu yao ilikuwa juu ya mizani wakati huo huo. Kipaza sauti kikakohoa, na safari hii Norma alikuwa anacheka.

Nyumbani kwa Orval hapakuwa mbali, mitaa miwili. Akaenda, akafunga trela nyuma ya trekta yake, akalileta polepole kwa barabara kuu, na watu wakatoka kwenye duka la vinyozi kutazama. Wakaliweka juu ya bamba, wakafungua trekta, wakasogea kando.

— Elfu nane mia sita na arobaini, kikasema kipaza sauti.

— Mizani mbovu, akasema Kutu papo hapo.

— Ni hii hii iliyopima ngano yako jana, Galen. Kama inazidisha, nikupunguzie malipo?

Kutu akasema akifikiri vizuri, mizani ni nzima kabisa.

Orval alikuwa amesimama tu. Ratili elfu mbili na zaidi za kitu gani? Trela lile tangu alinunue alijua ni tupu. Nyekundu yake haiwezi, hesabu haitaki hata karatasi. Akahisi lile neno lake likimjia mdomoni. Tena. Na Julai tarehe tisa iko pale.

— Mnaipeleka wapi nyumba yangu?

Leota alikuwa amefika kwa miguu, aproni kiunoni, mikono ina unga. Mlima akavua kofia, akamwamkia.

— Tunaipima tu, shemeji. Inaonekana imenenepa.

Leota akampita. Akapanda ngazi, akafungua mlango, na Orval akamfuata ndani. Leota akafungua kabati la kwanza. Mapichi kwenye chupa, safu kwa safu. La pili, viazisukari vya siki. Chini ya kitanda jamu, kitandani mablanketi mawili yaliyoshonwa mfano mmoja, na sakafuni, limefungwa kwa kamba lisiteleze, sanduku la cherehani ya chuma ya mama wa mapacha hao. Tangi la maji nalo alikuwa amelijaza. Kila kifuniko cha chupa kilikuwa na mwaka umeandikwa kwa mkono wa Leota. Orval akasoma. Mwaka wa kwanza waliokuwa waondoke, wa pili, wa tatu.

— Ulisema tunaondoka, akasema Leota. Nikafungasha. Mwaka uliofuata ukasema tena, nikaongeza.

Orval akakaa kwenye ngazi ya trela. Aliona aibu, na hakuificha. Nje, Kutu alishaanza kutoa shauri: wakishusha chupa zote, na maji, na hiyo cherehani, nyekundu itavuta, tena vizuri.

— Haishuki hata chupa moja, akasema Orval.

Akamgeukia Marisela. Ile nyeupe pale, angeikabidhi trela lake? Marisela akasema hajali ubavu uliobonyea. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakinusa. Akaiwasha, akasikiliza. Akakagua breki kwa muda mrefu kuliko injini, na akasema kulivuta si tatizo, watu wanaumia siku ya kulisimamisha. Kwenye ukingo wa mlango alisoma kibandiko cha uzito. Kitu hiki, alisema, kimevuta matangi yaliyojaa mbolea kwa miaka kumi na miwili, hilo trela kitaliona ni matembezi. Kutu, bila kuombwa, alikuwa ameshalala chini. Waliona viatu vyake tu.

— Kutu ipo? akauliza Orval.

— Ya kiasi, ikajibu sauti ya chini ya gari. Haina ladha.

Orval akaingia kwa Norma, akapiga simu yadi ya magari kusema asante, haitaki tena ile nyekundu, na akatoka na ufunguo wa nyeupe. Ilikuwa saa tano kasoro. Mlima akaombwa ashuke kwenye kiti chake.

Leota akaizunguka pikapu nzima, akapitisha kidole penye ubavu uliobonyea, akanusa.

— Tunaondoka lini? akauliza.

Watu wote wakamtazama Orval mdomo.

— Alhamisi, akasema Orval. Kesho nafunga breki za trela, Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi tunatoka.

Leota akamtazama kidogo. Kisha akaingia ndani ya trela, akarudi na chupa moja ya mapichi ya ule mwaka wa kwanza, akaifungua pale pale. Wakala kwa vidole, maana kijiko hakikuwapo, wakapitishiana, na juisi wakamiminia kwenye vikombe kwa sababu kahawa ilikuwa imekwisha. Kutu akasema mzigo umeshapungua ratili tatu.

Marisela akachukua risiti yake, akapanda lori.

— Safari njema, mzee Mwakani, akasema.

— Hapa hatuna mtu wa jina hilo, dada, akasema Mlima, mapichi mdomoni. Huyu anaitwa Alhamisi.