Rael Chelangat Kiptoo, Aliyerudi Kuhesabu Miche

Bi. Rael Chelangat Kiptoo alizaliwa Litein, Kericho, tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa tatu katika nyumba ya watoto saba. Kazi yake ya utotoni ilikuwa kuhesabu ng'ombe jioni. Alihesabu kwa sauti, na akipotewa na hesabu alianza upya, hata kama chakula kimeshapakuliwa na sisi nduguze tunalia njaa.

Alimaliza sekondari mwaka 1983, akasomea misitu Londiani, akahitimu 1986 na kuajiriwa ofisa wa misitu. Mwaka 1989 alihamishiwa Lamu. Siku ya kwanza kwenye mikoko alizama topeni hadi magotini, akatoka na kiatu kimoja. Cha pili kingali huko.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Mwalimu Ronald Kiptoo, wakajenga Hindi, hukohuko Lamu. Mungu aliwajalia Jabez na Chebet.

Mwaka 2022 Rael alipewa jukumu la kuorodhesha misitu ya mikoko iliyo mizima, ili ilindwe. Msitu usioorodheshwa ungeweza kugawiwa wawekezaji. Yeye ndiye aliyeandika kipimo: msitu mzima ni ule usioguswa na mkono wa mtu. Mikoko ya kusini ya Mtangawanda ilikuwa na visiki mia mbili na kumi na sita. Akaufuta msitu ule kwenye orodha, akatia sahihi.

Bwana Jeilani wa Matondoni, mkata boriti aliyekuwa akimvusha kwa mashua yake, hakumgombeza. Mwishoni mwa 2023 alimrudisha palepale penye visiki.

"Bi Rael, umehisabu visiki vyote, mbona hukutizama tini?"

Chini, katikati ya visiki, miche ilikuwa imesongamana, na kaa wametoboa tope kila mahali.

"Tukikata hapa leo," Jeilani akamwambia, "haturudi mpaka mwana aliyezawa mwaka uno aote meno ya pili. Ndivyo walivyotuwatia wazee wetu."

Rael alirudi akamweleza mkubwa wake kazini kwamba kipimo chake kilikosea. Mkubwa wake alimshauri aache mambo yalivyo, kwa kuwa alikuwa amebakiza miezi michache astaafu salama. Hakumsikiliza. Aliiandikia kamati iliyosimamia orodha barua iliyoanza, "Kosa ni langu." Ilimuuma sana kuiandika, na sisi tunaiona barua hiyo fahari kuliko cheti chochote.

Kamati ilitaka hesabu mpya. Januari 2024, kabla hajaianza, madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alistaafu Machi. Mwezi wa Juni, miguu ikiwa haimbebi tena, alikwenda Mtangawanda na kiti cha plastiki cha jikoni ndani ya mashua ya Jeilani. Kwa siku tatu Jeilani alishuka topeni kuhesabu miche, Rael akiandika na kumwamuru aanze upya.

"Huyu mama ataniua mimi mbee yake!" Jeilani alilalamika, na Rael akacheka mpaka akashika ubavu.

Tarehe 3 Desemba 2024 kamati ilikubali kipimo kipya: msitu mzima ni ule unaoweza kurudisha kilichochukuliwa. Msitu wa Mtangawanda ukaingia kwenye orodha. Mumewe alipomsomea habari hiyo kitandani, alisema, "Haya, kirudisheni kiti changu jikoni." Kisha akalia, nasi tukalia naye.

Rael alifariki nyumbani Hindi, asubuhi ya tarehe 11 Februari 2025, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake Ronald, watoto wake Jabez na Chebet, nduguze sita, na mjukuu mmoja, Chelangat, aliyezaliwa Januari mwaka huu. Jeilani ametuomba tuseme hapa kwamba sehemu ya Mtangawanda iliyokatwa kwa desturi yao mwezi huohuo itahesabiwa kwa meno ya mtoto huyo. Hakuna atakayeigusa mpaka ayang'oe ya utotoni na kuota mengine.

Pumzika, dada. Hesabu imetimia, na Bwana akupokee kwa amani.