Jumapili Hakuna Ng'ombe wa Kusingizia

Mama zangu, nimeomba wanaume watoke kwanza, na nashukuru wametoka. Wewe mzee wa kanisa uliye mlangoni, tafadhali ufunge ukiwa upande wa nje. Asante. Sasa tumebaki wenyewe.

Mimi mnanijua. Ndimi yule mliyemwita Mama Maringo, msifikiri sikusikia. Karibu miaka miwili nilikaa benchi ya mwisho hapo karibu na mlango, na kabla ya baraka nilikuwa nimeshatoka, sisalimii mtu. Mkasema najivuna kwa sababu bwana yangu anaendesha trekta ya mzungu. Leo nawaambia kilichokuwa kinanikimbiza. Ulikuwa mkojo.

Chekeni tu. Siku hizi hata mimi nacheka.

Mtoto wangu wa tatu alinitesa siku mbili kabla ya kutoka, kichwa kikubwa kama boga. Alipozaliwa nikafungwa tumbo kwa kitambaa, kama tunavyofungana sisi wote, nikanywa uji, nikamshukuru Mungu. Haukupita muda nyapara akaniita nirudi zizini kukamua. Miaka ile ya hali ya hatari mnaikumbuka. Mama yangu na dada zangu walikuwa wamerudishwa kwa nguvu rizavu, kule serikali ilikotutengea watu wetu, na mtu bila pasi ya kusafiria hashuki Nakuru hata kumwona daktari. Hakukuwa na wa kuniambia, binti, pumzika kwanza.

Asubuhi ya kwanza niliinua ndoo ya maziwa, nikasikia joto likishuka miguuni. Nikafikiri nimemwaga maziwa. Nikatazama ndoo, imejaa vilevile.

Ikawa hivyo kila siku. Nikikohoa, unatoka. Nikiinua kitu, unatoka. Nikicheka, unatoka, kwa hiyo nikaacha kucheka. Nikafanya akili ya kijinga: nikazidi kukaza kile kitambaa cha tumbo mpaka nikawa napumua kwa shida, nikidhani nazuia. Nikaacha kunywa maji. Lakini ukinywa kidogo harufu inazidi, hilo nililijua nikiwa nimechelewa.

Kazini nilijificha vizuri. Mnajua lazima kuosha chuchu za ng'ombe kabla ya kukamua. Basi kila asubuhi nilijimwagia kopo la maji kwenye sketi, kwa makusudi, ili nikilowa watu waseme ni maji ya kuoshea. Baridi ya huku Dundori mnaijua. Nilitetemeka kuanzia ng'ombe wa kwanza mpaka wa mwisho, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Lakini Jumapili hakuna ng'ombe wa kusingizia. Ndiyo sababu ya benchi ya mwisho. Niliketi juu ya gunia nililolikunja ndani ya leso, nikiwasikiliza mkiimba. Wimbo ule wa kupiga makofi na kuruka, mimi nilikuwa naupigia makofi nikiwa nimekaa. Mnageuka mnaniangalia, halafu mnageuka mbele tena. Mama zangu, nawaambia ukweli, nilikuwa peke yangu katikati ya watu mia. Nyumbani nako nilijitandikia ngozi upande wa jikoni, nikamwambia bwana yangu mtoto anasumbua kulala. Naye hakubisha. Ningependa angebisha.

Mtoto akafika mwaka mmoja, hajabatizwa. Mnajua mama husimama hapa mbele na mtoto mkononi mpaka wimbo uishe, na wangu alikuwa mzito. Nilijua nitakachoacha kwenye sakafu hii. Bwana yangu akaniuliza, "Mama watoto, niambie, umeacha imani?" Nikamjibu ndiyo. Niliona afadhali aamini hivyo kuliko kujua. Alivaa kofia akatoka, na mimi nikalia mpaka uji ukaungua.

Basi akaja zizini mama mmoja mzee. Simtaji, hapendi kutajwa. Ujana wake alikuwa akiwasaidia wakunga hospitalini, maji ya moto na vitambaa. Siku ya tatu tu akaniona na kopo langu.

Akaniuliza, "Wewe, mbona unajimwagia maji na hali kuna baridi?"

Nikasema limenimwagikia.

"Jana pia lilikumwagikia. Na juzi."

Akasogeza kigoda chake karibu na changu, akaendelea kukamua, hata hakunitazama. Akauliza, "Unavuja wakati wote, hata umelala?"

Nikasema, "Hapana. Nikikohoa. Nikiinua."

"Basi hujatoboka kibofu. Ungekuwa unavuja usiku na mchana ningekutafutia pasi mimi mwenyewe uende hospitali. Wewe umelegea tu."

Ndugu zangu, sikuwahi kusikia neno tamu kama hilo, umelegea tu. Nilimwegemea ng'ombe nikalia.

Akaniambia nifungue kile kitambaa. "Unafinya gunia juu, na mdomo wake uko chini. Unafikiri vitatoka wapi?" Kisha akanionyesha ng'ombe wetu mmoja mkaidi, yule wa kuficha maziwa. "Huyu akikasirika anafanya nini? Anayavuta juu. Hatumii miguu wala tumbo. Na wewe vuta huko ndani hivyo hivyo, kama unayezuia mkojo. Shika, hesabu tano, achilia. Na upumue."

Mimi mwanzoni nilivuta kila kitu isipokuwa panapotakiwa. Nilibana makalio, nikabana meno, nikashika pumzi mpaka macho yakanitoka. Yule mama akaniambia hata ng'ombe ananionea huruma. Wiki zikapita, hakuna kitu. Nikamwambia nimechoka kubana hewa. Akanijibu, "Ulimbeba miezi tisa, unataka upone kwa wiki tatu?" Basi nikaendelea. Kila ng'ombe mmoja, mara kumi. Na kabla ya kuinua ndoo, navuta kwanza.

Ilikuwa msimu wa nyasi kavu, vumbi limejaa zizini. Nikapiga chafya, moja, mbili, tatu. Nikasimama nikingoja lile joto. Halikuja. Nikatazama kopo langu, maji yamo yote. Siku hiyo nilikuwa nimesahau kujimwagia.

Jioni nilimweleza bwana yangu kila kitu. Aliinuka, akaenda jikoni akaikunja ile ngozi.

Mtoto alibatizwa akiwa anatembea, nyinyi mlikuwapo. Mkashangaa kwa nini nalia kuliko yeye. Sasa mmejua.

Sisemi nimepona kabisa. Debe zito likinikuta na kikohozi bado linaniweza. Lakini navuta kila siku, hata sasa hivi nikizungumza nanyi. Namshukuru Mungu, na bwana yangu, na yule mama aliyesogeza kigoda. Watu husema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, nikaanza kuficha baadaye, na kuficha ndiko kulikoniumiza kuliko huo mkojo.

Na nimemaliza, ila jambo moja. Kuna mmoja wetu yuko pale nyuma karibu na mlango, amekalia kitu kilichokunjwa. Msigeuke! Nimesema msigeuke. Mimi najua benchi hiyo ina baridi. Dada yangu, sogea kidogo, nakuja kukaa hapo na wewe.