Mablanketi ya Wazee wa Butere

Basi la wafanyakazi lilikuwa halijatoka mtaa wa Al Thumama, Doha, vizuri Hadijah, dobi wa hoteli, alipoanza kuomba mablanketi ya zamani. Katoni ya makao ya wazee kule nyumbani Butere ilikuwa inaondoka Ijumaa. Abiria waliahidi, isipokuwa askari mmoja wa lango, mwenye jina la Kiptoo kifuani na mdomo usiojua likizo. "Dadangu, hiyo ni kazi ya serikali! Mkizidi kuwafunika wazee, serikali nayo itajifunika ilale. Sitoi!"

"Unaidai serikali, na hapa Doha hukatwi kodi?"

"Mama yangu hununua unga, na unga una kodi!"

Damu ilimpanda Hadijah kichwani. Tangu maneno kama hayo yaenee kwa wafanyakazi, katoni zake zilikuwa zikiondoka nusu tupu. "Na mimi mama yangu yuko kwa hayo makao, kaka. Atalala na baridi akingoja serikali iamke?"

"Pole. Lakini leo namwandikia gavana barua!" Kiptoo akainuka kwa hasira, maana basi lilikuwa limefika The Pearl, kwenye lango analolinda.

"Iandike kwa karatasi nzito," Hadijah akamfokea mgongoni, "mama apate cha kujifunika."