Gari la Moshi la Kalondu

Bwana Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Kasikeu na ninyi wenzake wa reli mliotoka Makindu, mimi ni Mbula, dada mdogo wa marehemu, na familia imenichagua kusoma kwa sababu wengine wote wangelia, nami nimeahidi kulia baadaye.

Kaka yetu, Jonathan Mutie Kilonzo, alizaliwa tarehe 12 Machi 1939 hapa Kasikeu, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kilonzo na Mama Nthenya, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1956, ingawa kila treni ilipopiga honi kule bondeni yeye alikuwa ameshachungulia dirishani, na viboko havikumsaidia hata kidogo.

Tarehe 3 Februari 1961 aliajiriwa na reli pale Makindu, akawa fayamani kwenye injini za mvuke, kazi yake ikiwa kuchunga moto na maji, hasa maji, kwa maana injini ikikauka inaharibika na watu wanaumia, na maneno hayo alitufundisha sisi sote, tutake tusitake, hata mezani. Tarehe 17 Desemba 1966 alimwoa Kalondu, binti wa Mzee Ndolo wa Mutito, Kitui, Mungu akawapa Syombua, Muthama na Mumbua. Dizeli zilipoingia na injini zake kuondolewa, mwaka 1980 alistaafu, akarudi kulima mbaazi huku akinung'unika kwamba dizeli haina roho.

Mwezi Agosti 1989 Kalondu alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukakataa, na daktari akasema wazi kwamba akiacha dawa ya presha tunaweza kumpoteza wakati wowote. Basi akaiacha. Alisema hawezi kulishwa vidonge kama mtoto, akavificha chini ya mto wa kiti, Mutie akambembeleza, mchungaji akaomba, mimi nikapiga kelele, wapi!

Krismasi hiyo Syombua alikuja kutoka Nairobi na ndoo ya matofali ya plastiki ya kuchezea, yale yanayoshikana moja juu ya lingine, aliyopewa na watu aliowafanyia kazi, akawaletea watoto wake. Mutie aliyaomba kwa muda mfupi tu, na watoto wanayangojea mpaka leo. Kwa matofali hayo alijenga injini ya mvuke, boila, chumba cha dereva na tangi la maji, nyekundu na manjano kwa kuwa matofali meusi yalikuwa machache, akaitia mota ya redio ya kaseti mbovu ya Muthama, akachonga reli za mbao kutoka jikoni hadi kwenye kiti cha Kalondu, na nyuma akafunga behewa la kubeba kifuniko cha soda, ndani yake kidonge kimoja.

Injini ilipokamilika, Jumapili ya kwanza tulikusanyika baada ya ibada, na kabla ya kuiwasha, jamani, kaka yangu akajaza tangi maji! Maisha yake yote hakuwahi kuondoka stesheni na tangi kavu, mkono ukafanya ulichozoea, maji yakapenya katikati ya matofali, mota ikakohoa, ikafa katikati ya njia. Kalondu akacheka, kicheko cha kwanza tangu augue, mdomo ukienda upande mmoja, akauliza gari hilo litafika lini. Mutie, kwa hasira na aibu, akamjibu kwamba akitaka kuliona likifika ameze dawa awe hai, naye akanyoosha mkono wake wa kushoto, akameza.

Mota nyingine ilipatikana Julai 1990, Kalondu akiingoja huku akimeza dawa kila siku, na tangu siku hiyo treni ilifika kila asubuhi, Mutie akipiga honi kwa mdomo kule jikoni, na Kalondu hakuacha dawa tena. Tulimcheka sana mzee huyu, lakini tulimpenda zaidi.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1995, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 9 Septemba 1996 alituacha hospitalini Makindu, akiwa ameshika mkono wa Mumbua.

Tangu tulipomwambia, Kalondu hakugusa dawa, na hofu yetu ilikuwa kuchimba makaburi mawili. Leo asubuhi akamwagiza Mumbua aiwashe injini, ikaja hadi kwenye kiti, akaitazama, akairudisha jikoni bila kugusa kidonge, kwa kuwa haikupiga honi. Basi mimi, mama wa kanisa, na kilemba changu cha maombolezo kichwani, nikasimama jikoni nikapiga honi kwa mdomo, vibaya kabisa, nikilia. Kalondu akameza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba maji na kuni, na wenzake wa reli waliosimama nasi tangu juzi. Kaka, kesho asubuhi nitapiga honi tena, usihangaike. Pumzika sasa kwa amani ya Bwana, Mutie, laini iko wazi.